Josepha Aliyeandikiwa Kifua

Meno ya Josepha yalijulikana mjini Tabora kabla ya jina lake. Mwaka ule wa sabini na nne, ungefika ghala la nta la Shirika, kule karibu na reli, ukauliza Josepha yuko wapi, wapagazi wangekutazama tu. Ungeuliza Mama Meno yuko wapi, wote wangekunyooshea kidole upenuni, kwenye meza ndefu ya mninga, alipokuwa amesimama mwanamke mrefu mwenye kisu kidogo mkononi.

Kazi yake ilikuwa kutafuna nta. Msicheke. Warina asali walileta nta kutoka Goweko kwa treni, na kutoka misitu ya kusini kwa malori, mabonge ya mviringo yenye umbo la sufuria yalimoyeyushiwa. Kwa nje bonge ni bonge. Lakini binadamu ni binadamu, na mzani ni mzani: huyu amechanganya mafuta ya ng'ombe ili bonge lizidi uzito, yule ametia unga wa muhogo, mwingine ulimbo wa mti. Josepha alikata kipande kama punje ya hindi, akakitia kwenye magego, akatafuna. Nta safi hulainika, haigandi jinoni, na huacha harufu ya maua ya miyombo. Ya mafuta huteleza. Ya ulimbo hung'ang'ania jino kama kupe. Ya unga hujitangaza yenyewe. Akishajua, alitema kwenye kopo lililokuwa chini ya meza, akasema daraja lake, na neno lake halikuwa na rufaa.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Fakhrudin, Mhindi wa Kibohora aliyekuwa akinunua nta mjini tangu enzi za Mwingereza. Josepha wakati huo alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita, ana binti mmoja, Flavia, na elimu ya darasa la nne kwa masista. Alikwenda dukani kuomba kazi ya kufagia. Fakhrudin akampa vipande viwili vya nta, akamwambia atafune aseme kipi kizuri. Akasema. Mzee hakumpa ufagio tena.

"Ulimi unao," alimwambia. "Sasa nikufundishe adabu."

Adabu yenyewe ilikuwa hii. Muuzaji ametoka mbali, amelala stesheni, na hilo bonge ni jasho lake la mwaka. Usimtafunie usoni. Ukikunja uso kabla hujasema, umemwita mwizi mbele ya watu. Kwa hiyo geuka, elekea ukutani, funika mdomo kwa kanga, tafuna, tema kwa siri, pangusa midomo, kisha mrudie na uso uliotulia, umwambie daraja lake kwa upole. Josepha alifanya hivyo miaka yote. Hata Wanyamwezi wenzake, wanaojua heshima, walimsifu. Mzee wa Goweko akimwamkia "Mwangaluka, mayu," alijibiwa kwa goti kwanza, nta baadaye.

Biashara ya nta ilipochukuliwa na umma, Fakhrudin aliwakabidhi watu wa Shirika mizani na magunia yake, akabaki na duka la misumari na bawaba. Alisema neno moja tu: "Huyu mama msimwache." Wakamchukua. Lakini wakamchukua kama kibarua, na kibarua akabaki, miaka sita.

Sasa mnielewe hapa, maana ndipo palipo na uzito. Kibarua akiugua hana likizo, akizeeka hana pensheni, akifa hana hata barua ya rambirambi. Josepha alikuwa amefikia arobaini na nne. Hakuwa na mtoto wa kiume, na hakutaka siku moja kumlalia Flavia mgongoni kama gunia. Mwaka ule makao makuu ya Dar es Salaam yalisema vibarua wa muda mrefu wapelekwe kwenye ajira ya kudumu, orodha ifungwe tarehe thelathini Juni. Jina la Josepha lilikuwa la kwanza. Kila mtu alijua. Mwenyewe alishawaambia majirani zake wa Ntalikwa, na hilo ndilo kosa lake pekee ninaloliona.

Meneja wakati huo alikuwa Ndugu Raymundi, kijana wa Songea, mwaka wake wa kwanza Tabora. Hakuwa mtu mbaya. Alifika kazini kabla ya walinzi kuondoka, na shati lake lilipigwa pasi hata siku ya mvua. Tatizo lake lilikuwa moja: alijua nta kwa karatasi. Alikaa ofisini, na dirisha la ofisi lilitazama upenu wa ghala kwa nyuma, kiasi kwamba wafanyakazi aliwaona migongo.

Ilipofika Aprili alijaza taarifa za siri za watumishi. Bidii, nidhamu, uhusiano na wenzake. Mwishoni mlikuwa na nafasi iliyoandikwa "Maoni mengineyo," na humo mkubwa wa kazi aliweza kumwaga chochote kilichomkaa rohoni.

Tarehe nne Juni, Ndugu Raymundi alimwita Josepha, akampa bahasha huku akitazama meza. "Pole, mama," akasema. Josepha hakuelewa anapewa pole ya nini. Alitoka nje akaifungua mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kusomewa barua. Ilisema kwamba, kufuatana na taarifa ya mwaka, imeonekana ana kifua. Kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Na kwamba kuanzia tarehe moja Julai atapumzishwa kazi kwa manufaa ya afya yake na ya wenzake.

Kifua. Mtu wa Tabora akisikia fulani ana kifua hafikirii mbavu. Anafikiria kifua kikuu, kukonda, na wodi ya peke yake.

Aliisoma mara tatu. Halafu akaikunja, akairudishia kwenye bahasha, akaenda kumaliza mabonge saba yaliyokuwa yakimngoja. Alisema baadaye kwamba siku hiyo hakuonja tofauti ya nta na sabuni, lakini alimaliza.

Siri ya ofisi haikai ofisini. Kesho yake, saa nne ya chai, Bernadeta mshona magunia alimimina chai kama kawaida, vikombe vyote kwenye sinia, isipokuwa kimoja alichokiweka peke yake juu ya ukingo wa dirisha.

"Hicho cha nani?" Josepha aliuliza.

"Chako, dada. Pale kuna hewa nzuri."

"Kikombe nacho kinahitaji hewa?"

Josepha alikwenda dirishani, akanywa chai yake yote, akaosha kikombe mwenyewe, akakirudisha kwenye sinia katikati ya vingine.

Lugembe alikasirika kuliko yeye. Huyu Lugembe alikuwa mpimaji wa mizani na mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, Msukuma wa Ziba, kifua kama mlango, sauti kama ya fahali.

"Mwongozo wa chama umesema kiongozi asiwe na kiburi," alisema. "Kesho tunafunga geti. Huyo bwana mdogo abaki nje asome bango."

"Ukimfungia nje atajifunza nini?" Josepha akamwuliza. "Kwamba geti letu lina kufuli."

"Basi nenda hospitali, upigwe picha, umtupie mezani."

"Niende kupigwa picha kwa sababu mtu kaota? Akiota nina mkia nitavua nguo?"

Lugembe alicheka hadi akashika mzani. Lakini kicheko hakikuifuta barua, na siku zilikuwa zikihesabika.

Jumamosi alikwenda kwa Fakhrudin. Mzee alikuwa ameketi nyuma ya mitungi ya misumari, mkewe Rehmat akichambua mchele pembeni. Josepha alimpa barua. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akaivua.

"Unakohoa?"

"Sikohoi, mzee."

"Kaja kukuuliza?"

"Hajawahi kuniuliza hata nimeamkaje."

"Anakuona wapi huyu?"

"Dirishani. Ofisi yake iko nyuma yetu."

Rehmat aliacha kuchambua mchele. Kisha mzee akasema, "Hebu simama hapo. Tafuna kama unavyotafuna kazini." Akampa karanga moja, kwa kuwa nta hakuwa nayo tena.

Josepha akageuka, akaelekea ukutani, akavuta kanga mdomoni, akatafuna. Akainama kidogo, mkono mmoja ukishika kifuani ile medali yake ya Bikira Maria isije ikaning'inia, kama alivyoizuia kila siku isiguse nta. Akajifanya anatema.

Rehmat ndiye aliyesema. "Ya Rabi. Mgonjwa kabisa."

Mzee akajipiga kofi la paja, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Mimi ndiye niliyekufundisha kujificha, Josepha. Adabu yangu imekuponza."

"Adabu yako imenilisha miaka kumi na minane," Josepha akamjibu. "Usiitukane dukani kwako."

Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ile ile ya zamani waliyopita wapagazi wakienda Ujiji, na babu yake mmoja akiwa kati yao na mzigo wa nta kichwani. Hakuwa na hasira tena. Alishajua kosa lilipozaliwa, na mtu akijua hivyo, anaweza kulishika mkia.

Jumatatu saa tatu alibisha hodi ofisini, mkononi ana sinia yenye vipande viwili vya nta na kisu. Ndugu Raymundi alisimama kumpokea, kisha akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Josepha aliona.

"Ndugu Meneja, sikuja kugomba. Nimekuja kukuonyesha kazi yangu. Naona tumemaliza mwaka hujaiona."

"Naiona kila siku, mama. Hapa dirishani."

"Hapo unaona mgongo. Kaa, tafuna hiki."

"Nitafune?"

"Ndiyo kazi inayoandikwa kwenye fomu zako. Ukaguzi wa nta. Ulidhani naikagua kwa macho?"

Kijana akachukua kipande kama mtu anayepewa dawa. Akatafuna.

"Waonaje?"

"Laini. Ina... kama harufu ya maua."

"Daraja la kwanza. Tema, uchukue hiki."

Alitema kwenye karatasi. Kipande cha pili alikitafuna kwa muda, uso ukaanza kujikunja. "Kinateleza. Kama mchuzi wa jana."

"Mafuta ya ng'ombe. Sasa ngoja, usiteme. Mimi ni mzee kutoka Goweko. Nimelala stesheni siku mbili. Bonge hili nimelihangaikia mwaka mzima, nami nimesimama hapa nakutazama usoni kujua kama umeniona mwizi. Haya. Tema."

Ndugu Raymundi alimtazama. Akatazama huku na huku. Alikuwa amelelewa vizuri huko kwao Songea, na mtu aliyelelewa vizuri hatemi mbele ya mzazi. Akageuka, akaelekea dirishani, akatoa leso, akafunika mdomo, akainama, akatema.

Wakati huo huo Lugembe alikuwa akipita nje na gunia begani. Akasimama. Akachungulia.

"Pole, Ndugu Meneja," akasema. "Kifua?"

Raymundi alibaki na leso mdomoni, amegeukia dirisha, mgongo kwa Josepha. Aliyekuwa nyuma angeapa kuwa ni mgonjwa.

"Kumbe," akasema hatimaye, na leso ikashuka.

Alirudi akaketi. Hakucheka, na Josepha alimshukuru kwa hilo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake mzazi alikufa kwa kifua alipokuwa yeye darasa la sita. Mama huyo alikuwa akigeuka hivyo hivyo, kanga mdomoni, mkono kifuani, anatema kwenye kopo ili watoto wasione. Hakumwambia mtu, akaendelea kupalilia mahindi ya misheni mpaka siku aliyoanguka shambani. "Nilipokuona, nikasema huyu naye atafia kazini kwa kuona aibu. Nikaandika apumzike."

"Pole, mwanangu," Josepha akasema, na pole hiyo ilitoka moyoni. "Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya, mama."

"Ukaona haya kuniuliza, lakini hukuona haya kuniandika."

Aliliacha neno hilo limwingie. Nje mzani wa Lugembe ulikuwa ukilia. Kijana akasema, "Nisamehe, mama," akavuta karatasi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akamsomea kwa sauti, barua ya kwenda makao makuu: kwamba katika taarifa yake ya Aprili alikosea, kwamba Josepha ni mkaguzi wa nta mwenye ujuzi ambao hajauona kwa mwingine, kwamba yeye ni mzima wa afya na hana ugonjwa wowote.

"Hapo futa," Josepha akasema.

"Wapi?"

"Hapo pa mzima wa afya."

"Lakini mama, hapo ndipo nilipokutetea."

"Umejuaje kama sina ugonjwa wowote? Labda nina baridi yabisi. Labda kuna jino linaniuma tangu Pasaka, nami sijamwambia hata mwanangu. Leo ukiniandika mzima, mwakani nikipiga chafya utaniandika mgonjwa. Mwili wangu una waganga wake, na una Mungu wake. Wewe andika kazi. Kama sifanyi kazi, andika hafanyi. Kama naifanya, andika anaifanya."

Ndugu Raymundi alishika kalamu hewani. Halafu akapiga mstari, na juu yake akaandika, akisema maneno taratibu kadiri yalivyokuja: "Niliandika juu ya mwili wake jambo nisilolijua na lisilonihusu. Naomba lifutwe. Kazi yake naijua, na haina dosari."

Hiyo ilikuwa barua ngumu, wala tusijidanganye. Meneja wa mwaka mmoja kuwaandikia wakubwa wa Dar es Salaam kwamba alikosea, tena kwa saini na muhuri, ni kujichongea. Wengi wangesema makosa ni ya mpiga chapa. Yeye aliipeleka posta mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, iwahi treni.

Juni ikayoyoma. Tarehe ishirini, kimya. Tarehe ishirini na tano, kimya. Josepha aliendelea kutafuna, akigeukia ukutani vile vile, ila sasa watoto wa wauzaji walimchungulia kwa heshima. Bernadeta alianza kumimina chai akikaa naye benchi moja, na siku moja akanywa kutoka kikombe cha Josepha, akakosea kwa makusudi. Josepha alijifanya hakuona. Usiku alipiga magoti akiwa na Flavia, na katika kuwataja watu wake mbele ya Mungu, alimtaja Fakhrudin na Rehmat, akamtaja Lugembe, na baada ya kusita kidogo akamtaja Raymundi.

"Huyo naye wa nini?" Flavia aliuliza. "Si ndiye aliyekuharibia?"

"Kuharibu kila mtu anajua, mwanangu. Mimi nimepata aliyejua kutengeneza. Hao ni wachache, na Mungu hakulazimika kunipa mmoja."

Tarehe ishirini na nane, saa nane mchana, Ndugu Raymundi alionekana akija kutoka posta, anatembea upesi mno kwa mtu mwenye shati la pasi. Alipita getini bila kujibu salamu ya mlinzi, akaja mpaka upenuni, akasimama mbele ya meza ya mninga badala ya nyuma yake. Josepha alikuwa na nta kinywani. Alimwashiria asubiri, akageuka, akamaliza, akatema, akamwambia kwa upole mzee aliyekuwa akingoja kwamba bonge lake ni daraja la pili. Kisha akapokea simu ya maandishi. Ilisema: JOSEPHA AINGIZWE ORODHA. BARUA YAFUATA.

Aliisoma mara moja tu safari hii.

"Asante, Ndugu Meneja."

"Shikamoo, mama," akasema Raymundi. Mwaka mzima alikuwa hajamwamkia hivyo.

"Marahaba, mwanangu."

Jumamosi ile alipeleka kuku kwa Fakhrudin, na mzee akakataa kumpokea, na Rehmat akampokea. Jumapili palikuwa na misa ya shukrani, na mwanakwaya mmoja wa Ntalikwa alilalamika kwamba Josepha aliimba kwa nguvu kuliko kwaya.

Mvua za mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Josepha aliamka viungo vikiuma na meno yakigongana. Alijikokota mpaka ofisini, kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba likizo ya ugonjwa. Ndugu Raymundi alimwona anavyotetemeka. Alitoa fomu, akajaza jina lake na tarehe, akatia saini.

"Nani abaki mezani?" akauliza.

"Lugembe. Nimemfundisha. Ila anakunja uso."

"Tutamwambia asikunje."

Josepha alichukua karatasi yake, akageuka kuondoka. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposikia sauti ya kijana nyuma yake.

"Mama. Nini kinakusumbua, kama utapenda kusema?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa na haki ya kutojibu, na alijua kwamba yule naye anajua.

"Homa ya mbu, mwanangu," akasema. "Asante kwa kuniuliza."